Dirisha la Kusi, Dirisha la Kaskazi

Vitabu vingi vya kufundishia rangi ya mafuta viliandikwa Ulaya na Marekani, na karibu vyote humpa mwanafunzi agizo lilelile: aketi karibu na dirisha linalotazama kaskazini. Kwao agizo hilo ni sahihi. Jua la adhuhuri la London au Amsterdam liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupokea mwanga wa anga tu, usiobadilika sana tangu asubuhi hadi alasiri. Malindi iko kiasi cha digrii 3 kusini mwa ikweta, na hapa jua halikai upande mmoja. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi limehamia kusini. Anayefuata kitabu neno kwa neno mwezi wa Juni atapanga ndimu zake vizuri na kuanza kazi, na ifikapo saa nne asubuhi miale itakuwa imeingia mezani na kila kivuli kimehama mahali pake.

Kwa mkaazi wa Malindi, Watamu au Kilifi, kanuni inayofaa hufuata pepo. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, dirisha la kusini ndilo lisiloingiwa na jua. Wakati wa kaskazi, tangu mwisho wa mwaka hadi Machi, ni zamu ya dirisha la kaskazini. Yaani dirisha la mchoraji hutazama upande upepo unakotoka, na hapo ndipo penye taabu, kwa sababu upepo huo hubeba mchanga, vumbi na wadudu, na rangi ya mafuta hubaki mbichi kwa siku kadhaa ikinasa kila kipitacho. Dirisha la kioo lifungwe. Penye mbao tupu, kitambaa chepesi cheupe kilichokazwa vizuri hupunguza upepo na kulainisha mwanga kwa pamoja.

Dirisha peke yake halitoshi. Nyumba za pwani zina kuta za chokaa, uani kuna mchanga mweupe, na kila kitu hurudisha mwanga. Chungwa lililowekwa katikati ya baraza hupata mwanga kutoka pande zote, kivuli chake kikafifia, na bila kivuli chungwa huonekana kama kibandiko. Dawa yake haina gharama: katoni kubwa ya dukani, ilazwe ubavu, iachwe wazi upande wa mbele unaomtazama mchoraji na upande mmoja unaotazama dirisha. Ndani iwekwe kitambaa cheusi. Buibui kuukuu linafaa kuliko vitambaa vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo, maana halimeti. Ukiingia upande mmoja tu, mwanga hugawa kila kitu sehemu mbili, ya nuru na ya kiza. Mgawanyo huo ndio somo lenyewe. Mambo mengine yote, hata rangi, huja nyuma yake.

Picha ya vitu tuli, yaani matunda, vyombo na nguo vilivyopangwa mezani, hudhaniwa kuwa sanaa ya mbali na pwani hii. Historia ya vyombo vyenyewe inasema vingine. Katika magofu ya Gede, ambako kuna kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948 na kukuta vigae vingi vya kaure ya Kichina. Huko Mambrui, kaburi la mnara lilipambwa kwa mabakuli ya kaure yaliyopachikwa ukutani. Karne ya 17, vyombo vya namna hiyo vilipofika kwa wingi Uholanzi, wachoraji wa huko walivishangilia. Willem Kalf, aliyeishi kuanzia 1619 hadi 1693, alirudia tena na tena kuchora bakuli la Kichina la buluu na nyeupe, na kando yake limau lililomenywa nusu, ganda likining'inia. Bakuli la Kichina na limau: mwanafunzi wa Malindi hana haja ya kuazima mada hiyo kwa Waholanzi, kwa kuwa mabakuli hayo yalikuwa yakiliwa wali hapa kabla Kalf hajazaliwa.

Ziara ya Gede, iliyoingizwa mwaka 2024 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ni darasa la kwanza zuri. Aende na penseli na daftari, asimame mbele ya vyombo vilivyo kwenye makumbusho yake, achunguze jinsi mng'ao wa kaure unavyokaa mahali padogo penye kingo kali, ilhali mng'ao wa chungu cha udongo hutawanyika hadi ukapotea. Tofauti hiyo ndiyo itakayomwezesha kuchora kaure ikaonekana kaure na udongo ukaonekana udongo. Kigae asiokote hata kimoja; vyote vinalindwa na sheria. Vivyo hivyo makombe ya baharini. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na kombe zuri lililotolewa kwenye mwamba kwa ajili ya picha ni hasara kwa wote.

Vilivyomo jikoni vinatosha. Sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu, kata, kibuyu, dele la kahawa, kikapu cha ukindu, kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, leso iliyokunjwa. Kwa nyumba nyingi za Waislamu, ambako picha za viumbe vyenye roho huepukwa, uchoraji wa aina hii una faida nyingine: tunda na chombo havina ubishi huo, na kijana anaweza kujifunza sanaa hii kwa kina bila kukwaruzana na wazee wake. Kwa sababu hiyohiyo ni vizuri ajue kwamba brashi ngumu za jadi za wachoraji wa mafuta mara nyingi hutengenezwa kwa nywele za nguruwe. Brashi za nyuzi za viwandani zipo, zinafanya kazi vizuri, na tatu zinatosha kuanzia: moja pana, moja ya wastani, moja nyembamba.

Akienda dukani kuuliza rangi ya mafuta, atapewa kopo la rangi ya milango na madau. Hiyo ni rangi nyingine. Hukauka kwa saa chache na kuwa ngumu na yenye kung'aa, na ndiyo sifa iliyomfaa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya aina hiyo juu ya vibao vya hadibodi. Mtindo wake wa mistari safi na rangi bapa unatokana kwa sehemu na rangi yenyewe: haingoji. Anayetaka kuonyesha shavu la embe likihama polepole kutoka manjano hadi nyekundu anahitaji rangi inayongoja, na hiyo ni ile ya tyubu, iliyosagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Mwanafunzi wa Kilifi huenda akalazimika kuiagiza Mombasa au Nairobi. Asinunue sanduku lenye tyubu ndogo ishirini na nne. Anunue tyubu tano za ukubwa wa kutosha: nyeupe ya titaniamu, manjano ya oka, nyekundu moja iliyo kali, buluu ya ultramarini na hudhurungi iitwayo amba ya kuchomwa. Ultramarini zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani lililochimbwa milima ya Afghanistan. Tangu 1828 hutengenezwa kiwandani, na leo ni miongoni mwa rangi zisizo ghali.

Nyeusi haimo, na haikusahaulika. Ultramarini ikichanganywa na amba hutoa kiza kilicho hai zaidi, kinachoweza kuelekezwa kwenye buluu au kwenye hudhurungi kadiri kivuli kinavyotaka.

Kuhusu kitambaa cha kuchorea, marekani, ile pamba isiyopaushwa ambayo pwani imeivaa, imeishona na kuizikia watu wake tangu meli za Salem, Massachusetts, zilipoileta Zanzibar karne ya 19, inafaa kabisa ikivutwa juu ya fremu ya mbao. Sharti moja halina msamaha: kwanza ipakwe tabaka mbili au tatu za rangi nyeupe ya msingi ya wachoraji, kwa sababu mafuta ya kitani yakigusa pamba tupu huiozesha taratibu. Hadibodi iliyopakwa msingi huohuo ni rahisi zaidi kwa mazoezi, na haifanyi ukungu upesi. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, gome la mti linalopondwa na mafundi wa Uganda, na mishono na matundu ya gome hilo hubaki yakionekana ndani ya picha. Anayeanza aache hilo kwanza. Lakini ni vyema ajue kwamba kitambaa cha Ulaya si amri.

Kosa moja la pwani lazima litajwe kwa jina lake. Mafuta ya nazi hayakauki. Hata mafuta ya kupikia ya alizeti hukauka kwa shida na kubaki yananata. Mafuta ya kitani ni tofauti kwa sababu huvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka utando mgumu. Hayakauki kama maji yanavyokauka, hubadilika. Mafuta ya kupikia yana kazi moja tu kwa mchoraji: kuoshea brashi mwisho wa siku, kabla ya sabuni ya mche na maji.

Mabadiliko hayo ya mafuta ya kitani hutoa joto, na hapa uzembe unaweza kuteketeza nyumba. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa kwenye kona, hujikusanyia joto lake chenyewe hadi kinaweza kuwaka bila kiberiti wala cheche. Chini ya paa la makuti hakuna jambo la kuchukuliwa kwa uzito zaidi ya hili. Vitambaa vitandazwe nje kimoja kimoja vikauke, au vitiwe ndani ya kopo lenye maji na kifuniko. Tapentaini nayo itumiwe kidogo na chumba kikiwa na hewa, mbali na jiko la makaa na mbali na watoto.

Sasa sahani nyeupe. Hakuna kitu kinachofundisha zaidi, na hakuna kinachowashinda wanaoanza kwa urahisi zaidi. Akili inajua kwamba sahani ni nyeupe, basi mkono hukimbilia tyubu nyeupe na kuipaka sahani yote, na kinachopatikana ni duara bapa lisilo na kina. Jicho likiulizwa peke yake hujibu tofauti. Achukue kipande cha manila, atoboe matundu mawili madogo, na kupitia matundu hayo atazame upande wa sahani ulio kwenye nuru na upande ulio kwenye kiza. Upande wa kiza ataukuta wa kijivu, tena kijivu kizito kuliko alivyodhani, pengine chenye hudhurungi ya meza ndani yake. Kwa hakika, kitambaa cheusi kilicho juani hurudisha mwanga mwingi kuliko karatasi nyeupe iliyo chumbani. Jina la rangi ya kitu halisemi lolote kuhusu kiasi cha mwanga kinachofika machoni.

Ndiyo maana picha ya kwanza ichorwe bila rangi. Kwa amba na nyeupe pekee, mchoraji apake kwanza ukanda wa vidato vitano kwenye kipande cha hadibodi, kutoka kiza kabisa hadi nyeupe kabisa, kisha aushike mbele ya vitu alivyovipanga na kujiuliza: upande huu wa ndimu uko kidato cha ngapi? Akunje macho hadi vitu vidogovidogo vipotee na mapande makubwa ya nuru na kiza yabaki. Simu iliyozimwa husaidia pia, kwani kioo chake cheusi kikiakisi meza huonyesha mpangilio huohuo ukiwa umefifishwa, na makosa hujitokeza. Nyeupe tupu ya kwenye tyubu iwekwe akiba kwa nukta moja, kimeta cha dirisha kwenye ukingo wa sahani. Ikishatumika kila mahali, kimeta hakina tena pa kuonekana.

Mpangilio uwe mdogo. Ndimu mbili, sahani moja, kibuyu kimoja nyuma. Kazi igawanywe kwa vikao vya saa mbili au tatu, kila kikao saa zilezile. Kikao cha kwanza ni cha kuchora mistari kwa amba iliyozimuliwa na tapentaini, akipima urefu kwa mpini wa brashi mkono ukiwa umenyooka: kibuyu ni ndimu ngapi kwenda juu, sahani ni pana mara ngapi kuliko kimo chake. Sahani inayotazamwa kutoka pembeni ni duaradufu, na ncha zake mbili ni za mviringo, kamwe si za kuchongoka. Waliochora ncha kali ni wengi kuliko waliochora sawasawa. Kikao cha pili hujaza kiza na nuru kwa amba na nyeupe. Amba ina manganizi, ambayo huharakisha ukaukaji, kwa hiyo baada ya siku chache tabaka hilo huwa tayari kupakwa rangi juu yake. Kila tabaka linalofuata liwe na mafuta mengi kidogo kuliko la chini yake. Likigeuzwa hilo, tabaka la juu hukauka kabla ya la chini, na baadaye picha huweza kupasuka.

Rangi zikija, kijani cha ndimu kichanganywe kwa manjano ya oka na ultramarini kidogo, kisha kitulizwe kwa chembe ya nyekundu. Mwanga wa anga unaoingia dirishani una ubaridi wa buluu, basi upande wa nuru uegemee ubaridi huo na vivuli viwe na joto la hudhurungi. Chini ya ndimu, karibu na sahani, kuna mwanga hafifu unaorudi kutoka kwenye bati. Wanaouona kwa mara ya kwanza huupenda mno na kuupaka mng'avu kupita kiasi, na ndimu hupoteza uviringo. Mwanga huo bado ni sehemu ya kiza. Pale ndimu inapogusa sahani pana ufito mwembamba wa kiza kuliko pote, na bila huo tunda huelea. Kivuli kinachoanguka kina ukingo mkali karibu na ndimu, na kadiri kinavyokwenda mbali ukingo hulainika.

Matunda hayangoji, na joto la Malindi halina huruma. Bibo huharibika kwa siku moja au mbili. Embe la apple, aina ambayo wataalamu wa kilimo huitaja kuwa ya asili ya eneo hili, na ngowe lenye ncha iliyopinda, hubadilika rangi kati ya kikao kimoja na kingine. Papai lililokatwa hukauka uso mchana uleule. Basi matunda yachorwe kwanza hadi yamalizike, na kibuyu, chungu na leso zisubiri. Anunue embe mbili za umbo moja, moja ikiwa changa zaidi. Kwa mwanzo kabisa ndimu na nazi ndizo zinazovumilia.

Dele la shaba liachwe hadi picha ya nne au ya tano. Likifika zamu yake, asitafute rangi ya dhahabu. Shaba iliyong'arishwa huonyesha vilivyo mbele yake: mstari wa dirisha, kiza cha buibui, doa la kijani la ndimu, na hata umbo la mchoraji mwenyewe, vyote vikiwa vimevutwa kwa urefu wa dele. Akichora vipande hivyo kwa uaminifu, kwa oka, amba na nyeupe kidogo, shaba hujitokeza.

Swali la lini abadilishe vitu huulizwa mapema mno. Giorgio Morandi, aliyefariki mwaka 1964, alikaa Bologna miaka mingi akichora chupa na makopo yaleyale, akiyasogeza tu, na ni miongoni mwa wachoraji wanaoheshimiwa zaidi wa karne ya 20. Mwanafunzi anayechora ndimu, sahani na kibuyu hichohicho msimu mzima wa kusi, kisha akageuza meza kwa ajili ya dirisha la kaskazi, atakuwa amepewa na mwaka mwenyewe zoezi jipya: vitu vilevile, nuru ikitoka upande wa pili.

Picha iliyokamilika isitundikwe moja kwa moja kwenye ukuta wa matumbawe, maana ukuta huo hutoa unyevu na chumvi, na ukungu huanzia nyuma ya kitambaa ambako hakuna anayetazama. Vipande viwili vya kizibo vilivyogundishwa kwenye pembe za chini za fremu huacha nafasi ya hewa. Fremu yenyewe ikaguliwe mchwa kila baada ya mvua za masika. Vanishi isubiri angalau miezi sita: picha iliyomalizwa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, hupakwa vanishi Agosti au baadaye, siku isiyo na mvua, ikiwa imelazwa mezani na madirisha yote yamefungwa mpaka kesho yake.